Aliyeitika Jina la Masereka

Siku mliyoniaga pale ofisini, mkanikatia keki na kunipa saa ya ukutani (ya nini, kwa mtu asiyekuwa tena na pa kuwahi?), mmoja wenu aliniuliza swali ambalo sikulijibu. "Madamu Akello, ni ukaguzi gani ulikushinda?" Nilicheka, nikaomba kipande kingine cha keki. Sasa nimekaa nyumbani Rukoki wiki ya tatu, kuku wamenichoka, na nimeona nimjibu kwa maandishi. Nyinyi mliokalia kiti changu, someni mpaka mwisho. Faili lenyewe mnalo kabatini.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichokulia. Baba alikuwa koplo wa polisi, Mteso, mtu wa mashariki, aliyeletwa Kasese na hakurudi kwao tena. Kambini tulikuwa watoto wa kila pembe ya Uganda, na tulichogombania na kupatania ni Kiswahili cha amri: njoo, toka, simama, leta. Marehemu mume wangu alikuwa akisema hata nikimwomba chumvi anajihisi amekamatwa. Kiswahili cha vitabu nilijifunza ukubwani. Kwa hiyo mkiona nimefoka mahali, si hasira, ni malezi.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino. Mzee Kaganda, afisa kazi niliyekuja kumsaidia, aliviangalia, akaniangalia usoni, akaenda nyuma ya mlango na kuniletea gambuti zake mwenyewe. Miguu yangu ilikuwa inaogelea ndani. Tulikwenda kwenye shamba moja la kahawa Maliba, na jioni nilirudi na malengelenge mawili na elimu ya mwaka mzima. Mkobani mwake mlikuwa na rejista, tepu ya fundi cherehani, kitambaa, na kichupa cha mafuta ya kupikia. Tepu ilikuwa ya kupimia vyumba wanamolala wafanyakazi, maana mwenye shamba akikuambia "chumba kikubwa" ana maana yake. Mafuta nilidhani ni ya mnyororo wa pikipiki. Kumbe ni ya watu wa chokaa. Mtu aliyejaa chokaa iliyotoka tanuruni ukimpangusa kwa kitambaa chenye maji machache unamuunguza. Unakung'uta kwanza, unapaka mafuta, unafuta, maji baadaye na yawe mengi.

Mzee Kaganda hakuwa mtu wa hotuba. Jambo moja tu alilirudia mpaka nikamkasirikia. "Binti, usianzie ofisini. Ofisini watakupa kitabu na soda. Anzia jikoni. Mpishi anapika kwa idadi ya matumbo." Alistaafu, akarudi kwao Fort Portal, na mimi nikaendelea kuanzia jikoni kwa miaka mingi sana. Halafu siku moja, kwa sababu ya jua kali na soda ya baridi, nikaanzia ofisini. Ndiyo siku ninayotaka kuwaambia.

Kwanza jambo moja kwa wale mliohamishiwa hapa kutoka Kampala. Wakonzo humpa mtoto jina kwa nafasi aliyozaliwa. Mvulana wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, na kuendelea. Ukisimama katikati ya soko la Bwera ukaita Baluku, nusu ya wachinjaji watageuka na visu mkononi. Ng'ambo ya daraja la Mpondwe, upande wa Congo, ndugu zao Wanande wana desturi ile ile na karibu majina yale yale. Masereka wa huku ni Kasereka wa kule. Sasa mwenye kazi akitaka kijana wa ng'ambo ambaye hana kibali, hahangaiki. Kasereka akivuka daraja asubuhi, saa nne ameshakuwa Masereka wa Bwera kwenye rejista. Na sisi maafisa tuliozoea ukurasa wenye akina Baluku watano hatuinui hata nyusi. Ukiuliza unaambiwa, "Aa, Madamu, hawa ni ndugu zetu. Ndugu anaombwa kibali?" Ndugu gani analala juu ya magunia matupu, anakunywa maji ya mtaro, na akiumia anarudishwa darajani na bandeji ya kitambaa cha mlango? Hilo nililiuliza mara nyingi. Nilijibiwa kwa soda.

Mama Kavira alikuja ofisini siku ya soko. Alikuwa mwanamke mfupi, mgongo umenyooka, anauza mafuta ya mawese anayovuka nayo kutoka ng'ambo. Aliiacha jerikeni yake mlangoni, akakaa kwenye benchi, akasubiri watu wote watoke. Kisha akasema mwanawe, Kasereka Joshua, alikuwa kwenye machimbo ya chokaa yaliyoko njia ya Bwera. Jina la machimbo sitaliandika, mnalijua.

"Hapigi simu?" nilimuuliza.

"Simu yake iliharibika zamani. Anatumaga salamu ku soko, kwa ba mama ba mawese. Kila soko salamu inafika."

"Basi ni mzima."

"Salamu inafika, Madamu, lakini haina mutu ndani. Kasereka ni mutoto wa kuuliza. Anauliza mbuzi, anauliza dada yake, anauliza kama nyumba ingali inavuja. Hii ya sasa haiulize kitu. Inasema tu: niko muzima, Mama, niko muzima. Mawiki mingi sasa, maneno ni yale yale."

Niliwaza kama afisa: kijana amechoka, kazi ya chokaa inamaliza maneno. Nikamwahidi nitakwenda.

Mkienda pale mtajua kwa nini watu hawapapendi. Kilomita nzima kabla ya kufika, majani ya kando ya njia ni meupe. Kuku ni weupe, mbwa ni mweupe, na mlio wa ndege huusikii kabisa. Watu wanatoka tanuruni wameota unga kuanzia nywele mpaka kope, midomo imepasuka, macho mekundu. Baba na mwana wakisimama pamoja huwezi kuwatofautisha ila kwa kimo. Mnyapara wao waliyemwita Kapteni, ingawa jeshini hakupata hata kufagia, alinipokea na mwavuli. Mchana ulikuwa unachoma. Aliniketisha kwenye kivuli cha ofisi, akafungua soda, akaniletea rejista. Jikoni kulikuwa upande wa pili wa uwanja, juani. Nikasema nitapita baadaye.

Watu walipangwa mstari. Nikaita majina mmoja mmoja, wakawa wanaitika haraka kama watu wanaotaka kurudi kula. Nikafika: "Masereka Joshua!"

Kimya.

Si kimya cha mtu ambaye hakusikia. Wote waliinamisha vichwa pamoja, na mstari ukafunguka kidogo, kushoto na kulia, ukamwacha mmoja peke yake. Nikamsikia akikohoa. Halafu, "Niko."

Mtu mweupe kati ya watu weupe. Nikaweka alama. Mkono wangu ulikuwa na baridi katika jua lile, nikajiambia ni soda. Nikaandika ripoti pale pale: nimemwita, ameitika, yu mzima. Nikapiga muhuri, maana muhuri nilikuwa natembea nao na nilijivunia.

Mama Kavira alipokuja nilimpa habari kwa furaha. Akauliza jambo moja tu. "Ulimuona uso?"

"Nilimwita, ameitika."

"Mimi nakuuliza uso, wewe unanijibu masikio." Akanyanyua jerikeni yake. "Nitaenda na wewe. Kama ni yeye, nitamuona na kurudi. Kama hapana, nataka kumurudisha kwetu, hata iwe namna gani. Siwezi kuacha mutoto yangu mu mawe."

Niliona aibu. Nikamwambia aje soko linalofuata, tutakwenda pamoja.

Siku hiyo nilianzia jikoni. Mpishi alikuwa mama wa Kikonzo wa pale pale jirani, Mama Biira, mtu mzima, anapakua ugali wa posho na maharagwe kwa kijiko kikubwa bila kuangalia. Nilikuwa na nakala ya majina. Nikahesabu sahani juu ya meza ya mbao. Nikahesabu tena. Sahani moja ilizidi.

"Hii ya nani, Mama?"

"Ya Masereka."

"Na ile pale pembeni, ni ya nani?"

"Ile pia ya Masereka." Akaendelea kupakua. "Ile ni ya huyu anaitikaga. Hii ni ya mwenyewe."

Niliuliza mwenyewe ni yupi. Alichukua ile sahani ya ziada, akavuka uwanja na mimi nyuma yake, akaiweka juu ya jiwe bapa karibu na lundo la mabaki ya chokaa, mahali ambapo hapakuwa na mtu wala kazi. Pale chini kulikuwa na alama za mviringo, nyingi, za sahani za siku nyingi.

"Nani anaikula?"

"Hakuna mutu. Saa kumi narudi naikuta imekuwa nyeupe, namwaga. Yule anaitikaga aliniomba. Alisema chakula inamukwama ku koo kama mwenyewe hajapewa." Kisha akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Madamu, wewe si ulikuja ile siku? Ukaita. Sisi wote tukasema, leo itajulikana. Ukaweka tiki."

Banange! Nimefokewa na wakurugenzi, nimetukanwa na matajiri, lakini sijawahi kuchomwa kama nilivyochomwa na neno lile tiki. Nilirudi getini nilikomwacha Mama Kavira. Kapteni alikuwa anamwambia arudi siku nyingine. Nikatumia Kiswahili cha kambini. Akaenda kumwita mtu.

Alikuja taratibu, akikohoa, amevaa sweta la buluu lililogeuka kijivu kwa vumbi. Mama Kavira aliliona sweta kabla ya yote. Niliona mkono wake ukienda shingoni. "Ni sweta yangu," alisema. "Mimi nilishona hii kiwiko, na uzi ya kijani." Na kweli, kiwiko kilikuwa na uzi wa kijani.

Yule mtu alisimama hatua mbili kutoka kwake, mikono ubavuni, kama askari kwenye gwaride. Mama Kavira aliinama, akafungua jerikeni, akalowesha ncha ya kitenge chake kwa mawese, akaanza kumpangusa. Paji la uso kwanza. Halafu macho, polepole, kama unavyomfuta mtoto mchanga. Mafuta mekundu yalichanganyika na chokaa, yakamtiririka mashavuni. Ngozi ikaanza kutokea. Pua ikatokea, kisha mdomo. Mama akaendelea kupangusa, hata pale ambapo hapakuwa na kitu tena cha kupangusa, na mimi nikaona uso wake yeye mama ukibadilika, nikajua.

Mtu yule alifungua macho. Akasema, "Mama, ile mbuzi ya pembe moja ilishazaa?"

Mimi nilipiga hatua nyuma. Kapteni alikuwa nyuma yangu, nikagongana naye.

"Ilizaa mbili," Mama Kavira alimjibu. "Na nyumba haivuje tena. Sasa niambie, Kasereka iko wapi?"

Alinyoosha kidole kwenye lundo, pale penye jiwe la sahani.

Jina lake ni Muhindo. Aliniambia habari yote siku ile ile, amekaa kwenye tairi bovu, Mama Kavira amemshika mkono kana kwamba yeye ndiye anayehitaji kufarijiwa. Ukingo wa mawe ulikuwa umelegea kwa mvua. Kasereka alikuwa chini yake na sururu. Walimtoa akiwa hai, akaishi mpaka jua lilipokaribia utosini, akiomba mtu ampeleke kwa mama yake. Wakati huo Muhindo alikuwa amefika jana yake tu kutoka ng'ambo, kwao kumechafuka, na Kasereka ndiye aliyempa nusu ya mkeka. Usiku mzima walikuwa wameongea habari za nyumbani: mama, dada, mbuzi wa pembe moja. Kapteni akawaambia wote, polisi wakija hapa hakuna atakayebaki, mtavushwa daraja leo leo, na huko mlikotoka mnakujua. Wakamfukia wenyewe. Kisha wakapangwa mstari, akaita rejista kama kawaida.

"Akaita Masereka Joshua," Muhindo alisema. "Kimya. Akaita tena. Kimya. Akasema, mimi niko na siku muzima, hii jina nitaiita mpaka iitike. Akaita mara ya tatu. Watu banalia. Mimi ndiye sikuwa na jina mu kitabu bado. Nikasema, niko."

"Ulifanya kwa ajili yao."

"Sijui, Madamu. Nilifanya tu ili anyamaze." Akakohoa. "Toka ile siku hakuna mutu aliniita Muhindo. Walinipa sweta yake, sahani yake, gambuti yake. Kikohozi hii haikuwa yangu, ni yake, nilianza kuikohoa kiisha wiki moja. Wenzangu hawalale karibu na mimi, wanasema natoa baridi. Na salamu nilikuwa natuma mimi. Sikutaka mama aumie. Lakini kuuliza mbuzi nilishindwa. Nilisikia kama nikiuliza, atakufa kabisa."

Mkumbuke haya yote yalikuwa mchana, watu wamesimama na sahani mkononi, maharagwe yanapoa. Nimeingia nyumba nyingi za giza katika kazi hii. Sikuwahi kuogopa kama nilivyoogopa juani pale.

Polisi walikuja, wakachimba. Kapteni hakuonekana tangu walipofika, na mpaka naandika haya bado anatafutwa. Mwenye machimbo alileta wakili mwenye viatu ambavyo chokaa haikuvigusa, sijui alitembeaje. Kasereka alipatikana. Chokaa huwa inafanya kazi yake kwa njia ambayo sitaieleza, lakini jino lake la mbele lenye ufa lilikuwepo, na Mama Kavira alilitambua. Nikadhani kazi imekwisha, mama atampata mwanawe, atavuka naye.

Afande wa kituo aliniita pembeni. Alikuwa na karatasi mkononi. Tulikua naye kambi moja, na baba yake nilimjua.

"Dada Akello, mwili hauwezi kuvuka daraja bila jina. Na jina hili halifai."

"Halifai vipi? Mama yake amemtambua."

"Wakili ameleta hii." Ilikuwa ripoti yangu. Muhuri ulikuwa umekaa vizuri, sijawahi kupiga muhuri ulionyooka vile. "Kwa karatasi yako, marehemu alikuwa kazini wiki kadhaa baada ya kufukiwa. Afisa wa serikali amemwita, ameitika, yu mzima. Wakili anasema huyu tuliyemtoa ni wa kaburi la zamani la watu wa hapa. Atazikwa na wilaya kama mtu asiyejulikana."

Nilitoka nje. Mama Kavira alikuwa ameketi chini kando ya turubai, miguu ameinyoosha, mkono mmoja juu ya turubai. Alikuwa anamsimulia mwanawe habari za nyumbani, taratibu, moja moja. Aliponiona akauliza, "Tunaenda?"

Kumbe mimi ndiye niliyemzuia. Kapteni alimfukia mara moja, mimi nikamfukia mara ya pili kwa wino. Nililia pale nyuma ya gari la polisi kama mtoto, nikafuta uso kwa mkono, nikajipaka chokaa, nikaungua shavu. Alama mnaijua, mmewahi kuniuliza nikawaambia ni mafuta ya moto ya jikoni. Nilidanganya.

Nikaomba karatasi. Niliandika kwa mkono wangu, nimesimama, karatasi juu ya boneti ya gari. Kwamba mimi, afisa kazi, siku fulani, sikumwona Masereka Joshua. Kwamba niliita jina, nikasikia sauti, nikaandika mtu. Kwamba sikufika jikoni. Kwamba ripoti ile ni ya uongo na uongo ni wangu. Afande alisoma, akaniambia, "Dada, unajua watakufanya nini na hii? Umebakiza kidogo ustaafu." Nilijua. Walinifanya. Niliitwa mbele ya kamati, nikaandikiwa barua ya aibu ambayo iko kwenye faili langu, na wakubwa wawili niliokuwa nikinywa nao chai wakaanza kunywa chai yao mapema. Sijutii hata herufi moja. Siku ile ile niliyoandika, kabla daraja la Mpondwe halijafungwa jioni, Kasereka alivuka kwenda kwao kwa jina lake la kwao, na Muhindo akiwa mmoja wa waliombeba. Forodhani mtu aliuliza wanabeba nini. Mama Kavira alisema, "Mutoto yangu," wakafungua njia.

Kabla machimbo hayajafungwa kwa amri, nilirudi kuandika watu upya, ili waliosalia wapate vibali vyao halali na wasivushwe kama mizigo. Niliweka meza katikati ya uwanja. Nilikuwa na beseni la maji mengi, mafuta, na vitambaa. Kila mtu alinawa kwanza, nikamtazama uso, ndipo nikamwambia: sema jina alilokupa mama yako. Wengine walicheka kwa haya. Mmoja alilisema jina lake akalirudia mara tatu, taratibu, akilionja. Meza iliendelea vizuri mpaka saa sita.

Wakabaki wanaume wanne. Walinawa, wakakaa, lakini hawakusema. Nikadhani wananiogopa. Nikamwambia aliyekuwa mkubwa wao, "Baba, usiogope. Hili jina lililo kwenye rejista si lako, najua. Wewe unaitwa nani?"

Akataja jina lake. Halafu akasema, "Madamu, ile yetu si kama ya Muhindo. Muhindo alimujua mwenyewe. Sisi tulipofika, tulikuta majina hapa. Tulikuta na salamu za kutuma. Tunapewa jina, tunaambiwa, kila soko, tuma kwa mama fulani, sema niko muzima. Nasi tunatuma."

"Kwa miaka?"

"Mimi nilirithi kwa mwingine, naye alirithi."

"Na wenyewe?"

Alitazama miguu yangu, na wale watatu nao wakatazama miguu yangu. Nilikuwa nimeweka meza mahali palipo tambarare zaidi. Uwanja wote ulikuwa wa mawe makali isipokuwa pale. Niliinuka polepole, nikaisogeza meza mwenyewe, bila kumwomba mtu anisaidie.

Tuliwapata wawili kabla sijastaafu, wakaenda kwao. Wawili bado. Machimbo yamefungwa kwa kamba ya polisi na mvua ikinyesha yanajaa maji meupe. Majina yao, ya kwenye rejista, yako ukurasa wa mwisho wa faili. Sikujua mama zao wanakaa wapi, kwa sababu salamu zilipita mikono mingi sokoni. Kwa hiyo nilimwomba Mama Kavira, anayejua vijiji vya kule, anitafutie. Akanyanyua jerikeni yake, akaenda.

Alikuja wiki yangu ya mwisho ofisini, asubuhi, mkiwa mmeshaanza kupamba chumba kwa ajili ya keki. Alikuwa na mama mwenzake, mrefu, mzee kuliko sisi wote, anatabasamu, na jogoo mwekundu chini ya kwapa. Mama Kavira alimketisha kwenye benchi, akaja mezani kwangu, akainama. "Sikuweza kumuambia njiani," alisema kwa sauti ya chini. "Nilijaribu mara ngapi. Anaongea muda wote, ana furaha." Kisha akatoka nje, akasimama na mgongo kwetu.

Yule mama aliniletea jogoo. "Ni wa kwako, Madamu. Wameniambia wewe ndiye unaangaliaga batoto betu mu kazi. Mimi namusindikiza tu mwenzangu, pole yake, alipoteza. Wangu Mungu amenisaidia. Miaka yote hii hajakosa hata soko moja. Juzi juzi ndiyo salamu imechelewa kidogo." Akanikabidhi jogoo mikononi, mzito, moyo wake unadunda. "Anaitwa Katembo. Huku kwenu wanamuandika Thembo."

Ukurasa wa mwisho wa faili ulikuwa wazi mbele yangu, na Thembo lilikuwa moja ya majina yale mawili. Nilimweka jogoo chini. Nilitoka nyuma ya meza, nikakaa naye kwenye benchi, goti kwa goti, nikamtazama usoni, nikamwambia.